Krismasi ya wenye zamu

Wenzetu wa bara Krismasi ikikaribia wanafungasha mizigo wanaenda kwao, sisi wa Malindi ndio kwanza tunaingia kazini. Hili jambo watu wengi hawalijui, wanaona picha za bichi na minazi wanadhani huku Disemba yote ni kula raha, kumbe anayekula raha ni mgeni, mwenyeji amevaa aproni. Mwezi wa kumi na mbili ndio msimu wenyewe, Waitaliano wamejaa, watu wa Nairobi wameshuka na watoto, fea ya Mombasa kuja huku imepanda bila mtu kutangaza, na hoteli ambazo mwezi wa tano zilikuwa zimefunga milango kwa sababu ya mvua sai zinatafuta hata vibarua wa kukunja taulo.

Rosta ya Krismasi hubandikwa ukutani karibu na jikoni, pale stafu tunapolia chakula, na siku hiyo usipite hapo kama hupendi kuona watu wazima wakinuna. Mimi niko upande wa hausikiping, vyumba na mashuka, na sisi ndio kabisa, manake mgeni anaweza kukosa chakula cha mchana kwa sababu amelala lakini hawezi kukosa shuka safi. Wenzetu Waislamu mara nyingi hutushikia, wanasema nyinyi nendeni misa sisi tutabaki, na Idd ikifika tunawarudishia, haijaandikwa popote hiyo, tunapangana wenyewe tu. Lakini msimu ukichachamaa hata hiyo haiwezekani, kila mtu anatakiwa, na ndio unajikuta Noeli saa tano usiku unatafuta foronya ya chumba cha juu huku kwaya yako uliyofanya nayo mazoezi tangu mwezi wa kumi inaimba Utukufu bila wewe.

Sasa kila mwaka hakosi mtu kanisani wa kukupiga kijembe. Unakutana naye baada ya sikukuu, anakuuliza eti dada hatukukuona Noeli, ulisafiri? Na anajua vizuri ulikuwa wapi. Wengine wanasema waziwazi, Mkristo gani huyo anatandikia watu vitanda siku aliyozaliwa Bwana. Mimi mtu kama huyo humwambia tu arudi kwa Luka sura ya pili asome polepole, asisome kama vile tunavyoigiziwa na watoto waliojifunga taulo kichwani. Wale wachungaji hawakuwa kwenye mkutano wa maombi. Luka anasema walikuwa makondeni wanalinda kundi kwa zamu usiku. Walikuwa kazini! Malaika hakwenda hekaluni kwa makuhani wenye ubani na kanzu, alikwenda kwa watu wa shifti ya usiku, watu wananuka kondoo, ambao hata Sabato yenyewe naona kuishika kwao kulikuwa na shida manake kondoo hajui Jumamosi.

Na hata Yusufu na Mariamu hawakuwa Bethlehemu kwa kupenda kwao. Serikali imetoa amri watu waandikishwe, kila mtu aende mji wa kwao, mama ana mimba imefika na hakuna cha kusema nitakuja wiki ijayo. Sisi tuliopanga foleni ya kuandikishwa na serikali ile Huduma Namba juani mwaka 2019 hiyo hadithi tunaielewa bila kuhubiriwa.

Kuna swali hujiuliza kila Krismasi na sijasikia padre akilijibu. Wachungaji walipoondoka mbio kwenda kumwona mtoto, nani alibaki na kondoo? Kundi haliachwi peke yake usiku, mtu yeyote aliyefuga hata mbuzi wawili anajua. Mimi naona lazima kuna mmoja aliambiwa wewe baki hapa, tutakuja kukusimulia. Luka hamtaji, na inawezekana ni mimi tu najitungia, lakini huyo ndiye ninayemfikiria nikiwa koridoni na trole la mashuka, huyo aliyeuona ule mwanga na kuzisikia zile nyimbo kama wenzake alafu akabaki. Sidhani kama alikosa Krismasi. Na wale walioenda nao Luka anasema walirudi, wakimtukuza Mungu, lakini walirudi, kwa kondoo wale wale na zamu ile ile, hakuna aliyefungua huduma wala kuanza kuitwa mtumishi.

Alafu hii tarehe yenyewe tusiiabudu sana. Luka na Mathayo hakuna aliyeandika siku wala mwezi. Roma walikuwa wanaiadhimisha 25 Disemba kufikia mwaka 336, hiyo ni miaka mia tatu baada ya Yesu mwenyewe, na jirani zetu Waethiopia mpaka leo Krismasi yao ni 7 Januari na hakuna anayewaambia wamechelewa. Kanisa letu Katoliki nalo halikuiweka Noeli kwenye saa moja tu. Kuna misa ya usiku, kuna ya alfajiri, kuna ya mchana, na bado siku nane zote kuanzia 25 mpaka 1 Januari zinahesabiwa ni sikukuu moja inayoendelea. Yaani ukikosa usiku kuna alfajiri, ukikosa alfajiri kuna mchana, ukikosa yote kuna wiki nzima. Sijui waliopanga hivyo walikuwa wanafikiria nini lakini mimi napenda kuamini kuna mmoja wao ndugu yake alikuwa mtu wa zamu.

Misa ya alfajiri ndio naipenda kuliko zote. Haina watu wengi, haina maua mengi, waliovaa nguo mpya wako bado vitandani. Wanaokuja ni askari wa majumba ya kule ufukweni na wa mageti ya hoteli, wametoka zamu moja kwa moja, sare zimekunjamana, buti zina mchanga, marungu yameegemezwa nje ya mlango pamoja na tochi kama vile vijiti vya kupigia mswaki vimewekwa kwenye kikombe. Wanakuja na wapishi wa mkate, wanakuja na manesi. Padre anasoma Injili ya wachungaji kuambiana haya twendeni mpaka Bethlehemu, hiyo ndio Injili ya misa hiyo tangu zamani, na nusu ya wanaosikiliza hawajalala. Nimemwona baba mmoja amesinzia mahubiri yote kichwa kimeangukia kifuani, ilipofika wakati wa kukomunika mwanawe mdogo akamgusa goti, akaamka, akasimama kwenye mstari akiwa bado na kikoti cha kampuni kinachong'aa, akapokea, akarudi akakaa akalala tena. Hakuna aliyemwamsha tena mpaka wimbo wa mwisho.

Na kuhusu pango la Noeli. Hii ya kujenga pango kanisani na majani na vikondoo tumeizoea mpaka tunadhani iko kwenye Biblia, lakini ilianza na Mtakatifu Fransisko wa Asizi, Krismasi ya 1223, kijiji kinaitwa Greccio huko Italia, alileta ng'ombe na punda wa kweli na majani makavu ili watu wa kijijini waone kwa macho umaskini wa ule usiku. Kwetu hiyo historia si ya mbali vile, manake jimbo letu la Malindi lilipoanzishwa mwaka 2000 askofu wake wa kwanza, Baba Askofu Francis Baldacchino, alikuwa Mkapuchini kutoka Malta, yaani mtoto wa Fransisko, na aliyemfuata, Emanuel Barbara, pia Mkapuchini wa Malta, na kanisa kuu ni la Mtakatifu Antoni ambaye naye alikuwa Mfransisko. Pango letu sisi tunaezeka kwa makuti. Punda kwa mtu wa Lamu hata hashangazi, kule ndio lori na ndio teksi, mtoto wa Lamu ukimwonyesha pango atakuuliza huyu punda mzigo wake uko wapi. Jimbo ni moja lakini, Lamu wako ndani yake.

Nyumbani Krismasi yetu ni ya mchana au ya jioni, inategemea nani amerudi kazini. Mbuzi hachinjwi na sisi. Anayechinja ni mzee jirani yetu, Mswahili, Mwislamu, tangu marehemu babu yuko hai, kwa sababu akichinja mwengine basi yeye na nyumba yake hawatakula, na kama jirani hali hiyo karamu ni ya nini. Anakuja na kisu chake mwenyewe kimefungwa kwa kitambaa, anamwambia mamangu haya bi mdogo, kibla ni huku, nishikie miguu. Anageuza mbuzi, anataja jina la Mungu, kazi imeisha. Pilau likiiva sinia la kwanza linafunikwa kawa na kupelekwa kwao, na Idd sinia hilo hilo linarudi na lao. Naona mitandaoni watu wa mbali wakibishana kama Mkristo anaruhusiwa kula nyama iliyochinjwa na Mwislamu na kama Mwislamu anaruhusiwa kusema Krismasi njema, na mimi nawatazama tu, mbona kwetu hilo lilishaamuliwa jikoni zamani sana.

Huyu mzee ana swali lake. Kila sikukuu akishaosha kisu ananiuliza, na kanisani mmejaa? Namwambia tumejaa baba mpaka nje. Ananiuliza tena, na mwezi wa pili? Alafu anacheka. Hajui, au labda anajua, kwamba hilo swali Malindi lina umri wa karibu miaka mia tano. Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari, si yule wa Asizi, alipita hapa mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa, meli yao ikatia nanga, wakamzika mwenzao aliyefia melini, na lile kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti na makaburi pale karibu na bahari mpaka leo linatajwa pamoja na jina lake. Aliandika kwenye barua yake kwamba mkubwa mmoja wa Kiislamu wa hapa Malindi alimuuliza kama Wakristo kwao bado wanaenda makanisani na kusali kwa bidii, manake yeye alikuwa anasikitika, mji ulikuwa na misikiti 17 na inayohudhuriwa ni mitatu tu, anaona lazima kuna dhambi kubwa imetendeka. Wakabishana kidogo, hawakukubaliana. Mimi nikilipita lile kanisa nikienda sokoni nafikiria hao watu wawili, dini mbali mbali kabisa, kila mmoja na msimamo wake, lakini kilichowauma ni kimoja, watu hawaji. Wenzetu watalii wanaenda kupiga picha nguzo ya Vasco da Gama na msalaba wake kule juu, na ni sawa, alifika hapa Aprili 1498 na historia ni historia. Lakini mimi ukiniuliza kitu gani cha Wareno kina maana kwangu nitakwambia ni lile swali aliloulizwa Ksaveri.

Basi Krismasi ikishapita, 26 nayo imepita, sasa inakuja ile homa ya mwaka mpya na hapa ndipo mimi na wenzangu wengi tunaachana njia.

Hotelini kwanza tuanzie, manake kuna kichekesho. Usiku wa tarehe 31 Waitaliano wanakula dengu. Ni mila yao, kila punje inahesabiwa kama pesa za mwaka unaoingia, kwa hivyo saa sita ikikaribia jikoni kuna sufuria kubwa ya dengu inachemka na soseji nene za nguruwe. Kama jamii ya kunde ingekuwa inaleta utajiri sisi tunaokula mbaazi za nazi na mahamri kila asubuhi tungekuwa tumezinunua hizo hoteli zote mpaka Watamu. Wageni wengine wakiondoka wanatuachia panettone, ule mkate wao mrefu wenye zabibu, watoto wanauchovya kwa chai ukiisha boksi linawekwa nyuzi na sindano. Sina neno na dengu zao. Wanakula, wanacheka, wanajua ni mchezo.

Ambao hawajui ni mchezo ni sisi. Kuanzia Krismasi simu haipumziki, kila grupu la WhatsApp ni bango la kesha, picha ya mtumishi amekunja mikono, maandishi ya dhahabu, huu ni mwaka wa kuvuka, mwaka wa kumiliki, mwaka wa mlango usiofungwa na mwanadamu, njoo na picha ya gari unalotaka, njoo na sadaka ya mbegu, na chini kuna namba ya kutuma pesa. Saa sita kamili usiku ndio muujiza unaachiliwa, usichelewe.

Sasa mimi nauliza, Mungu anafuata kalenda ya nani? Hapa pwani mwaka unaanza mara nyingi. Waislamu wana mwaka wao wa mwezi mwandamo, unaanza Muharram na unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila ukizunguka. Wazee wa Kiswahili wana mwaka wao wa jua, Nairuzi, unaangukia mwezi wa saba, na wavuvi na wakulima walikuwa wanahesabu miongo kutoka hapo, kumi baada ya kumi, kujua lini mvua, lini kusi, lini kaskazi ya kusafiria. Kanisa lenyewe mwaka wake umeshaanza tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, zile wiki za kuingojea Krismasi, hiyo Januari inaukuta umeenda wiki kadhaa. Uingereza walioileta hii kalenda kwetu mpaka 1752 mwaka wao ulikuwa unaanza 25 Machi, siku ya malaika kumletea Maria habari. Kwa hivyo huo muujiza wa saa sita usiku, kama ulikuwa unategemea tarehe, umekuwa ukitangatanga miaka mingi sana.

Sisemi kesha ni mbaya. Kukesha na kusali, kushukuru kwamba tumefika, kuimba mpaka sauti ikauke, hiyo ni nzuri na nikipata nafasi naenda. Ninachokataa ni huo unabii wa upande mmoja. Hebu tazama manabii wa kweli wa hadithi ya Krismasi ni kina nani. Ni wazee wawili. Simeoni, na Ana mjane wa miaka themanini na minne ambaye Luka anasema haondoki hekaluni usiku na mchana, anafunga na kuomba. Wale walikuwa wanangoja miaka na miaka, hawana bango. Mtoto analetwa hekaluni, ile tunayoadhimisha 2 Februari wakati watu wameshasahau Krismasi na pango limeshabomolewa, Simeoni anampakata, anamshukuru Mungu sasa anaweza kufa kwa amani, alafu anamgeukia mama wa mtoto na kumwambia upanga utaingia moyoni mwako. Mama amejifungua juzi tu! Ndio unabii huo. Hakumwambia utamiliki, alimwambia utaumia, na ilikuwa kweli, na Maria hakumkasirikia. Nabii anayekupa habari njema peke yake mwaka baada ya mwaka, na habari hiyo inagharimu pesa, mimi namwogopa.

Na sisi wa huku tuna sababu ya kuogopa. Shakahola si habari ya televisheni kwetu, ni mwendo wa gari tu kutoka hapa. Aprili 2023 ndipo makaburi yalipoanza kufukuliwa kule msituni, mwisho miili ikapita 400, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ndio wamwone Yesu. Waliletwa mochari ya Malindi mpaka ikabidi makontena ya baridi yaletwe. Familia zilikuja kutoka kila pembe ya Kenya kutoa damu na mate ya kupimwa DNA, wengine walilala hapa mjini kwa watu wasiowajua, na miili ya kwanza kukabidhiwa jamaa ilitoka Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Mama mmoja alikaa kwenye ngazi ya duka karibu na hospitali amekumbatia mkoba, ndani kuna picha ya pasipoti ya bintiye na vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu, alikuwa anavitoa kimoja kimoja anavipanga kwenye paja alafu anavirudisha, hakuna aliyemwambia atahitajika kuvionyesha lini. Nilimnunulia maji. Akanishukuru akaniuliza na wewe mwanangu unaomba wapi? Nikamwambia. Akatikisa kichwa akasema na wao walikuwa wanaomba sana.

Hilo ndilo lililonibadilisha vile ninavyoisikia Krismasi. Manake walikuwa Wakristo, walisoma Biblia hii hii, walikuwa na njaa ya Mungu kuliko mimi ninayehesabu taulo, na mtu akaichukua hiyo njaa akaifanyia kazi. Kesi iko mahakamani, ya mahakama tuwaachie mahakama, kuna mashtaka ya mauaji ya watoto 191 peke yake. Watoto hawakuchagua kufunga. Kila 28 Disemba, katikati ya zile siku nane za furaha nilizozitaja, kanisa linawakumbuka Watoto Mashahidi, wale wa Bethlehemu waliouawa na Herode, na zamani nilikuwa naona kama imewekwa vibaya hiyo siku, tunakula bado pilau la Krismasi na mnatuletea habari za vifo. Sai naona imekaa pale pale inapotakiwa. Parokia yetu mwaka ule 2023 padre hakuhubiri kirefu, alisoma Injili ya Raheli akiwalilia wanawe, akasema tunyamaze, tukanyamaza muda mrefu mpaka watoto wachanga ndio wakaanza kulia. Na kama mtu alidhani yamekwisha, 2025 tukasikia tena habari za makaburi kule Kwa Binzaro.

Kwa hivyo ukiniambia njoo kwenye kesha kuna nabii atatabiri, samahani. Sitaki kuambiwa tarehe. Sitaki kuambiwa nifunge siku ngapi na mtu ambaye mwenyewe kitambi kimetangulia. Yesu aliyezaliwa kwenye hori la kulishia wanyama, kitu cha kwanza alichofanya duniani ni kunyonya, na mama yake alimnyonyesha, na nikimsikia mtu anasema mtoto anyimwe chakula ili amwone huyo Yesu najua hamzungumzii yule wa Bethlehemu.

Mwaka mpya wangu mimi huingia nikiwa kwenye vyumba. Saa sita fataki zinalipuka bichi, mbwa wanalia mji mzima, wageni wako nje wanakumbatiana, na sisi tunaitumia hiyo nafasi kuingia vyumbani manake hakuna mtu. Tukikutana koridoni tunashikana mikono, heri ya mwaka mpya dada, na kwako pia kaka, mwenzangu wa Kiislamu ananitania eti wako umeanza wangu uko katikati. Kuna mama wa kwetu, mkubwa kuliko sisi wote, ana kawaida saa hiyo anasimama dirishani anasali Salamu Maria moja kwa sauti ndogo, anataja majina ya watoto wake, anataja mkopo wa chama, alafu anasema haya tumalize chumba hiki. Si ibada ya kutangazwa, haichukui hata dakika mbili.

Kinachonipa wasiwasi si Disemba. Disemba imani haina kazi, mifuko ina tips, kanisa lina taa. Mtihani ni Januari ada za shule zinapodaiwa, na baada ya Pasaka mvua zinapoanza na hoteli zinafunga, unaambiwa nenda nyumbani tutakuita. Hapo ndipo jirani yangu anapouliza na mwezi wa pili? Na hapo ndipo watu wa mabango wanapotupata, tukiwa hatuna kazi na tunakaa nyumbani na simu. Jumuiya yetu ndogo, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja majumbani, tumezungumza hilo tukaona kulaumu waliohama kwenda kwa manabii hakusaidii, tujiulize kwanza walipokuwa kwetu nani alikwenda kuwaona. Wengi wao walikuwa watu wa zamu, sala za jumuiya ziko jioni na jioni wako kazini, wakakosa, wakasahaulika.

Kwa hivyo kuanzia wiki ya pili ya Januari jumuiya itakuwa inasali Jumatano saa tisa mchana, kati ya zamu ya asubuhi na ya jioni, kwa zamu nyumba hadi nyumba kama kawaida. Anayetoka kazini aje na sare yake hivyo hivyo, asipitie nyumbani kubadilisha nguo. Wa usiku akisinzia tutamwacha. Chai itakuwepo, na wa kwanza kupokea ni nyumba yetu, mlango wa nyuma, manake ule wa mbele unakwama kaskazi ikivuma.